Kanisa liliwajengea shule, sasa liwape kiti

Jumapili asubuhi jiji la Nairobi hubadilika sura. Maduka mengi ya katikati ya jiji hufungwa, kelele za magari hupungua, na nyimbo za dini husikika kutoka kila upande. Watu hujaa katika Kanisa Kuu la All Saints na katika Basilika ya Familia Takatifu. Hujaa vilevile katika makanisa makubwa ya Valley Road na Ngong Road, na katika majengo ya mabati ya Kangemi, Kawangware na Riruta, ambako kila kichochoro kina mhubiri wake na kipaza sauti chake. Mgeni apitaye angedhani kwamba jiji zima, tajiri kwa maskini, limeingia nyumbani mwa Mungu.

Lakini si wote walioingia. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani takriban watu 900,000, wanaishi na ulemavu wa namna moja au nyingine. Kwa kipimo hicho, ushirika wa watu 1,000 ungetarajiwa kuwa nao wapatao 22, na baadhi yao wangekuwa watoto. Namwomba kila msomaji aendaye kanisani ajiulize: Je, wako wapi? Yuko wapi mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye shingo yake haijapata nguvu ya kukishika kichwa? Yuko wapi mwenye usonji, ambaye hawezi kutulia wala kukutazama usoni? Yuko wapi yule mwenye kifafa?

Nimeabudu katika jiji hili kwa miaka mingi, na kwa miaka kadhaa nimefundisha Shule ya Jumapili. Watoto hao sikuwaona darasani mwangu. Niliwaona kwingine: kwenye foleni za zahanati, na katika matatu za nambari 46 zitokazo Kawangware, wakiwa mgongoni mwa mama aliyekwisha kuchoka kwa kuwa mtoto ana umri wa miaka saba na hawezi kuketi peke yake. Kila nilipowauliza akina mama hao habari za kanisa, jibu lao lilikaribia kuwa moja: Tulikuwa tukienda.

Neno hilo "tulikuwa" ndilo lililonifanya niandike makala haya. Familia hizi hazikuzaliwa nje ya kanisa. Zilikuwa ndani, zikatoka, na sisi tuliobaki tukaendelea kuimba.

Hutokaje? Aghalabu hazifukuzwi na mtu. Mama huja na mtoto wake, akaketi safu za nyuma. Muziki unapopandishwa, mtoto mwenye usonji huziba masikio na kupiga mayowe, kwa maana watoto wengi wa hali hiyo huumizwa na sauti ambazo sisi twaziona za kawaida. Vichwa hugeuka. Mhudumu wa mlangoni huja akitabasamu na kumwonyesha mama njia ya kwenda nje "ili mtoto apate hewa". Mama husikiliza mahubiri yaliyosalia akiwa amesimama uani. Jumapili ya pili mambo ni hayo hayo. Jumapili ya tatu hubaki nyumbani, na hakuna abishaye hodi kumwuliza kulikoni. Amefukuzwa kwa macho, na macho hayaandikwi katika kumbukumbu za baraza la wazee.

Isitoshe, kuna maneno. Mmoja humwambia kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, kisha hujiendea zake bila kuugusa mzigo wenyewe. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aubebaye ndiye ajuaye uzito wake. Mwingine humnong'oneza jirani kwamba katika ukoo wa mume kuna jambo lililofichwa. Wa tatu humwuliza mama waziwazi alifanya nini alipokuwa na mimba. Si mara moja wala mbili nimesikia kwamba baba, akisha kusikia minong'ono hiyo ya kutosha, alifunga mizigo yake akamwachia mama mtoto na lawama.

Swali la nani aliyekosa si geni. Wanafunzi wa Yesu walimwuliza swali hilohilo walipomwona mtu aliyezaliwa haoni, na habari hiyo imo katika Injili ya Yohana, sura ya tisa. Walitaka kujua kama mwenye dhambi ni yeye au ni wazazi wake. Jibu walilopewa liliondoa hatia kwa mtoto, likaiondoa na kwa wazazi. Kwa Mkristo, basi, shauri hilo lilikatwa zamani sana. Yeyote anayelifufua leo katika kichochoro cha Kangemi au katika jumba la kifahari la Lavington ajue kwamba anakata rufani dhidi ya Bwana wake.

Kuna na jambo la pili, nalo ni zito zaidi kwa kuwa linagusa uhai. Mikutano ya uponyaji ni mingi jijini, na mabango yake hutundikwa kila mahali. Simkatazi mtu kuomba uponyaji. Mimi mwenyewe huomba. Ninalolipinga ni ile desturi ya kumwambia mzazi kwamba ishara ya imani yake ni kutupa dawa za mtoto. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mtoto anayekatiziwa dawa ghafla anaweza kupatwa na degedege lisilokoma, na degedege la namna hiyo huua. Mhubiri atakuwa amekwisha kuhamia mji mwingine, na mzazi ataambiwa kwamba imani yake ilikuwa haba.

Tena imani haba si aibu kama tunavyofundishwa. Katika Injili ya Marko, sura ya tisa, yumo baba aliyemleta mwanawe aliyekuwa akianguka motoni na majini tangu utotoni. Baba huyo hakujisifu kwa imani. Alikiri kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kwa lile pungufu la kuamini lililokuwa ndani yake. Alikubaliwa hivyo hivyo alivyokuwa, nusu akiwa na tumaini na nusu akiwa amechoka. Kila mzazi aliyekesha na mtoto wa namna hii anamfahamu baba huyo.

Msomaji ataniambia kwamba mtoto yule, hata hivyo, aliponywa. Ni kweli. Ndiyo maana naomba tufungue na Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya tisa, tusome habari za mtu ambaye hakuponywa.

Mefiboshethi alikuwa mjukuu wa mfalme Sauli. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, habari zilifika kwamba baba yake na babu yake wameuawa vitani. Yaya wake alimnyakua akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Hapakuwa na laana wala dhambi ya ukoo. Palikuwa na ajali na mwanamke aliyekuwa akijaribu kumwokoa. Mtoto alikulia mafichoni huko Lo-debari, katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri. Miaka ikapita. Daudi, kwa ajili ya urafiki wake na Yonathani, aliuliza kama amesalia yeyote wa nyumba ile apate kumtendea wema. Aliagiza mtu huyo aletwe, akamrudishia mashamba ya babu yake, akaamuru kwamba atakula mezani pa mfalme siku zote kama mmoja wa wanawe.

Sura hiyo inamalizika kwa namna ya kushangaza. Baada ya kutuambia kwamba Mefiboshethi alikula daima mezani pa mfalme, mwandishi anatukumbusha tena kwamba alikuwa na ulemavu wa miguu yote miwili. Hakuna muujiza uliotokea. Miguu ilibaki kama ilivyokuwa, na kiti kilibaki chake. Daudi hakumwambia apone kwanza ndipo aketi.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu yote. Faraja ambayo familia hizi zinaihitaji kwa waumini wenzao ni kiti. Neno jema lina mahali pake, na sala ina mahali pake, lakini mtoto asiye na mahali pa kuketi katika nyumba ya Mungu hawezi kuambiwa kwamba Mungu anampenda, wala mama yake hatasadiki.

Najua wengine watasema ninalionea kanisa, na ningependa kutenda haki. Katika nchi hii elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu inadaiwa fadhila kubwa na Wakristo. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha mjini Thika shule ya wasioona, ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mwaka 1962 jeshi hilohilo likaanzisha Joytown, papo hapo Thika, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Yote mawili yalifanyika kabla bendera ya Kenya haijapandishwa. Mwaka 1998 ilifunguliwa Kijabe, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, hospitali ya watoto iliyoanzishwa kwa ushirikiano wa kanisa la AIC na shirika la CURE, na humo watoto wengi waliokuwa wakitambaa wamefanyiwa upasuaji wakasimama.

Historia hiyo ni ya kujivunia. Ila inazaa swali gumu. Imekuwaje waliojua kujenga shule na hospitali wasijue kuweka kiti katika ibada yao wenyewe? Yamkini jibu ni kwamba shule huwekwa mbali. Mtu aweza kutoa sadaka kwa ajili ya Thika, akapigwa na picha, akarudi nyumbani bila kuketi karibu na mtoto atokwaye na mate. Ukarimu wa mbali ni rahisi. Wa karibu hutudai muda, subira na nguo zetu za Jumapili.

Wazazi wenyewe wametuonyesha njia. Mwaka 2003, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi na watoto zaidi ya milioni moja wakamiminika madarasani, walisalia wale ambao hakuna darasa lililokuwa tayari kuwapokea. Mwaka huohuo wazazi wa watoto wenye usonji, miongoni mwao Felicity Nyambura Ngungu, waliunda Chama cha Usonji cha Kenya, na katika Shule ya Msingi ya City iliyoko Ngara, ng'ambo tu ya mto Nairobi ukitoka katikati ya jiji, kikaanzishwa kitengo cha watoto hao ndani ya shule ya kawaida. Hawakungoja jumba jipya wala mfadhili wa mbali. Waliomba madarasa ndani ya uzio ambamo watoto wengine walikuwa tayari wakisoma na kucheza. Waliomba, kwa maneno mengine, kiti.

Kama shule ya umma, yenye wanafunzi tele na walimu wachache, iliweza kuwapisha watoto hao siku tano kwa wiki, ushirika wenye siku moja unashindwaje?

Yapo mambo ambayo kanisa lolote laweza kuyaanza bila kuchangisha mamilioni. La kwanza, mchungaji au padri aseme madhabahuni, kwa kinywa chake, kwamba sauti ya mtoto haiharibu ibada. Akisema mara tatu, vichwa vitaacha kugeuka. La pili, safu moja karibu na mlango na mbali na vipaza sauti iachiwe familia hizi, na ngazi iwekewe mteremko wa kupitishia kiti cha magurudumu. La tatu, wapatikane watu wawili au watatu waliofunzwa, wa kukaa na mtoto saa moja ili mama asikilize neno akiwa ameketi, au alale tu kama ndicho anachohitaji zaidi. La nne, akina baba wakutane na akina baba. Mwanamume aliyebaki na mwanawe ana mengi ya kumwambia aliye mbioni kuondoka, na atasikilizwa kuliko mhubiri. La tano, kanisa lizijue njia za serikali ili limwongoze mzazi. Vituo vya kutathmini watoto vilianzishwa nchini mwaka 1984, lakini wapo wazazi wasiojua kwamba huko ndiko mtoto hupimwa mahitaji yake na kuelekezwa shule imfaayo. Lipo pia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako mtoto husajiliwa. Mzee wa kanisa anayemsindikiza mama hadi ofisi hizo, akamlipia nauli na kusimama naye foleni, amehubiri.

Katika mitaa ya magharibi mwa jiji misingi ya kazi hii ipo tayari. Jumuiya ndogondogo za Wakatoliki na vikundi vya maombi vya makanisa mengine hukutana nyumbani kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Papa Francis alipozuru parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi huko Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, alizisifu hekima na mshikamano wa watu wa mitaa kama hiyo. Basi zamu ifike na kwa mama huyu. Asiyeweza kuja kanisani, kanisa lina miguu ya kumwendea.

Naomba sasa niseme na walimu na wanafunzi, ambao najua ndio wasomaji wa ukurasa huu.

Mwalimu, wewe mara nyingi ndiwe wa kwanza kuona. Mzazi anaweza kusema kwamba mtoto ni mvivu au mkaidi, lakini wewe unaye pamoja na wenzake arobaini, na unaona tofauti. Usimwite mjinga. Mpeleke apimwe. Tena una elimu ambayo kanisa linaihitaji. Katika mtaala wa umilisi, wanafunzi ambao hawawezi kuufuata mkondo wa kawaida hupita hatua zao wenyewe, kuanzia hatua ya msingi, hadi ya kati, ya maandalizi ya ufundi na ya ufundi, na kila mmoja hupimwa kwa alichoweza mwaka huu ambacho mwaka jana hakukiweza. Mtoto wa miaka tisa aliyejifunga kifungo cha shati kwa mara ya kwanza amefaulu mtihani. Wafundishe hivyo walimu wa Shule ya Jumapili.

Lugha nayo ni darasa. Kiswahili kiliwaweka kiziwi, kipofu na kiwete katika umbo la ki-vi, pamoja na kiti na kikapu. Hata hivyo hatusemi "kiziwi kimekuja". Twasema "kiziwi amekuja". Umbo liliwashusha, upatanisho wa kisarufi ukawarudishia utu wao. Siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu wa kusikia, au mtu asiyeona, tukitanguliza utu. Katiba ya mwaka 2010 ilitangulia vivyo hivyo: kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na kifungu cha 120 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Bunge limewapa lugha hiyo nafasi. Ni madhabahu ngapi zimefanya hivyo?

Nawe mwanafunzi, yumkini nyumbani kwenu yupo ndugu ambaye hujapata kuwataja kwa rafiki zako. Huna kosa la kuona haya. Haya hizo ulifundishwa na watu wazima. Ila ujue kwamba darasani mwako yupo mwingine mwenye siri hiyohiyo, naye anangoja mmoja wenu aanze. Na ikiwa kwenu hayupo, jirani yupo. Saa moja ya Jumamosi ukimsukuma kwenye kiti chake hadi uwanjani itamfaa kuliko machozi yako.

Nimewaweka wazazi mwisho kwa sababu kwao sina fundisho. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na ninyi mmelea pale ambapo wengine tungekimbia. Mnapochoka, kuchoka huko si ukosefu wa imani. Mnapokasirika mbele za Mungu, mmo pamoja na Ayubu na wengi katika Zaburi. Msimpime mtoto wenu kwa mtoto wa jirani. Nyweshani dawa, hudhurieni mazoezi ya viungo, ombeni, na mlale mpatapo nafasi. Hakuna kati ya hayo linalompinga jingine. Makiri wa Lo-debari hakuandikiwa muujiza wowote. Kinachosemwa juu yake ni kwamba mtoto aliyeanguka alikuwa nyumbani mwake, hai, siku mfalme alipouliza.

Wahenga walituonya kwamba hujafa hujaumbika. Methali hiyo hutumiwa kumtisha anayecheka ulemavu wa mwenzake, na ni vyema. Mkristo aweza kuisoma kwa namna nyingine pia: kwamba sote bado tunaumbwa, na ushirika wetu bado unaumbwa, na kwamba hauwezi kuitwa kamili maadamu kuna waliozaliwa ndani yake wakasikiliza neno wakiwa uani. Mabaraza ya makanisa yatakutana mwezi huu kama kawaida kujadili paa, vyombo vya muziki na sadaka. Naomba katika ajenda liongezwe jambo moja dogo: ni familia zipi zilizokuwa zikija, na ni nani atakayekwenda kuzibishia hodi.